Albamu ya Kiatu Kimoja

Foleni ya benki ilikuwa imejikunja na kujikunjua mpaka mlangoni, na feni ya juu ilizunguka kwa kuona haya tu, upepo haina. Ulikuwa mwisho wa mwezi. Kila mtu alikuwa anatazama kisogo cha aliye mbele yake, na hakuna aliyeongea, maana ndani ya benki watu wazima hunyamaza kama watoto waliofanya kosa.

Katikati ya foleni alisimama mwanamume mrefu, shati jeusi, suruali nyeusi, viatu vyeusi. Hakuwa anatoka msibani. Mafundi mitambo ya muziki huvaa hivyo ili kwenye sherehe wasikike bila kuonekana. Kazini walimwita Masikio. Aliweza kuingia kwenye ukumbi mtupu, akapiga kofi moja, akakuambia spika ipi imewekwa vibaya. Siku hiyo masikio yenyewe alikuwa ameyaziba kwa hedifoni, na alikuwa anatikisa kichwa kidogo sana, kwa siri, kama mtu anayetafuna peremende kwenye mkutano.

Mama mmoja akapita na mkoba, mkoba ukanasa waya, waya ukachomoka kwenye simu.

Benki nzima ikapata habari. Magitaa yakifukuzana, ngoma kama mtu anayeshuka ngazi mbio, na juu yake sauti ya kijana wa mbali, inatokea puani, inalalamika kwamba msichana hakupiga simu na mji wao hauna pa kwenda. Mlinzi akageuka. Dada wa dirisha la kwanza akaacha kugonga mihuri. Masikio akapapasa simu, ikamponyoka, akaiinamia, na joto likampanda kutoka kwenye kola mpaka kwenye yale masikio yaliyompa jina.

Kwenye wimbo ule kuna mahali ngoma inanyamaza ghafla, kama imesahau kitu. Iliponyamaza, mtu nyuma yake akagonga mara mbili kwenye chuma cha foleni, kwa wakati wake hasa, na ngoma ikarudi.

Aliyegonga alikuwa mwanamke wa gauni la manjano. Mkononi, mahali watu wanapovaa saa, alikuwa amefunga kimto kilichojaa pini. Vipande vya riboni vilichungulia mfukoni mwake.

"Usizime," akasema. "Inayofuata ndiyo nzuri."

Masikio alikuwa ameshazima. "Unaijua hii?"

"Si ile albamu yenye picha ya kiatu kimoja cha raba juu ya paa la bati? Naijua mpaka inapokohoa."

"Dada, sema polepole."

"Kwani tumeiba?"

"Si yangu hasa," alisema Masikio, akitazama sakafu. "Ni ya mtu."

"Basi mwambie huyo mtu nampenda," alisema yule mwanamke, akasogea hatua moja na foleni.

Walipotoka walikaa kwenye ukingo wa ukuta wa benki. Mwanamke akamweleza kwamba alinunua radio ya mitumba pamoja na kasha la CD lenye picha ya kile kiatu, kumbe CD yenyewe imekwama ndani, na mlango wa CD haufunguki hata kwa bisibisi. Ilikuwa usikilize hiyo au ukae kimya. Wiki ya kwanza aliichukia. Wiki ya pili akajikuta anafua nguo kwa mdundo wake.

"Na wewe?"

Masikio akatazama kushoto na kulia. "Niliipata kwenye rundo la CD za mitumba, nikiwa shule. Wanauita pop-panki." Alilitamka neno hilo kama mtu anavyomtajia daktari ugonjwa wa aibu. "Kaka yangu alisema ni muziki wa watoto wanaolilia kunyonya. Nikawa nasikiliza ndani ya shuka."

"Na hujatoka kwenye shuka mpaka leo?"

Akacheka. Hakuwa amecheka na mtu kuhusu jambo hilo maisha yake yote.

Kumbe walikuwa wanafanya kazi kwenye kumbi zile zile. Mwanamke alikuwa mpambaji, wa kufunga vitambaa na kuning'iniza mashada, na wapambaji huanza asubuhi. Mafundi wa muziki huja mchana. Kwa miaka walikuwa wanapishana mlangoni, mmoja akiacha harufu ya nguo mpya, mwingine akileta harufu ya nyaya zilizopata moto. Masikio akamwita Riboni, na jina likamkaa.

Mapenzi yao yalianza kwa simu.

"Uko wapi, laazizi?"

"Niko juu ya ngazi."

"Na pini mdomoni?"

"Mm."

"Basi usijibu, nisikilize tu. Nimekukumbuka. Gonga mara moja kama umenikumbuka, mara mbili kama umenikumbuka sana."

Akasikia simu ikigongwa na kucha mara tano.

"Hiyo ni nini?"

Riboni akatoa pini. "Hiyo ni kwamba nitaanguka hapa, niache nifanye kazi."

Siku moja Riboni alimfumania. Alirudi ukumbini kuchukua mkasi aliousahau, akakuta mlango umefungwa kwa ndani, na nyuma ya mlango magitaa yananguruma. Akagonga mpaka Masikio akafungua, uso umemshuka.

"Unajifungia kama mwizi?"

Ikabidi amweleze. Kila fundi ana wimbo wake wa kupimia spika, ule anaoujua ndani na nje, ili ukumbi ukidanganya aujue uongo. Wake ulikuwa wimbo wa sita wa albamu ya kiatu, ule ule wa benki. Kila sherehe aliwahi kabla ya watu, akajifungia, akaupiga, akarekebisha kila kitu. Watu wakianza kuingia alibadilisha, akaweka saksafoni ya taratibu, akasimama mikono nyuma, macho nusu, kama ndiyo anaanza kupima.

"Kwa hiyo ile saksafoni ni ya maonyesho?"

"Watu wanategemea fundi awe na ladha."

"Na wewe huna?"

Riboni akamshika shavu. "Mpenzi wangu, wewe ni mtu mzima. Ukipenda kitu, si umekipenda tu? Mpaka mtu akupe ruhusa?"

Aliyetoa ruhusa, kwa mawazo ya Masikio, alikuwa Profesa.

Profesa hakufundisha popote. Alikuwa muuza matairi mwenye duka kubwa na santuri nyingi kuliko matairi. Kila Jumapili alasiri alikaribisha watu sebuleni kwake kusikiliza muziki. Utaratibu ulikuwa mmoja: kila mgeni analeta wimbo mmoja, wote wanafumba macho, na mtu haruhusiwi kuongea mpaka wimbo uishe. Ukiisha, Profesa anasema neno. Masikio aliwahi kuambiwa pale, "Kijana, una sikio," na neno lile alilibeba kama medali. Ndiye aliyemwonyesha ile saksafoni. Na sasa Profesa alikuwa anamwoza binti yake, na mitambo ya sherehe alikuwa ameiagiza kwa bosi wa Masikio, mjane mwenye kauli fupi waliyemwita Mama Spika, akisema anamtaka Masikio na si mwingine.

"Jumapili nakupeleka kwa Profesa," Masikio akamwambia Riboni. "Vaa lile la bluu."

"Lina nini la manjano?"

"Hakuna. Ila la bluu limetulia."

Riboni akavaa la bluu. Shingoni lilimbana, lakini alivaa. Wakakaa kwenye makochi ya ngozi, chai ikapita, zamu ya Masikio ikafika. Akachomeka simu yake kwenye mtambo wa Profesa, akaweka saksafoni, akarudi kukaa, akafumba macho. Riboni alifumba pia, kisha akafungua jicho moja akamtazama. Alimwona mtu aliyekunja uso wa kusikiliza, na vidole vimetulia pajani kama vya maiti. Kwenye albamu ya kiatu vidole vile havitulii.

Saksafoni ikaisha. Wakati watu wanasubiri neno la Profesa, simu ikafanya kile ambacho simu hufanya. Ikaendelea na wimbo unaofuata.

Vikombe vilitikisika. Mtu mmoja alimwaga chai kwenye suruali. Kijana wa mbali alilalamika kwa sauti kubwa kwenye spika ambazo hazijawahi kulalamikiwa, na Profesa akafumbua macho kama aliyeamshwa na moto.

"Nani amekuja na watoto?" akauliza.

Sebule nzima ikacheka. Si kicheko kibaya hata kidogo, cha watu walioshiba tu. Masikio alishafika kwenye simu, ameichomoa, amesimama na waya mkononi, na wote wanamtazama. Joto likapanda kutoka kwenye kola. Akageuka, akamnyooshea Riboni mkono wenye waya.

"Ni wa huyu," akasema, akicheka nao. "Anachezea simu yangu. Bado namfundisha."

Riboni alimtazama. Alimtazama muda ambao kwenye wimbo wa sita ngoma ingekuwa imenyamaza na kurudi. Kisha akatabasamu kwa watu wote.

"Ndiyo, ni wangu. Samahani kwa kelele."

"Utajifunza tu, binti," alisema Profesa kwa upole. "Uko kwenye mikono mizuri."

Wakaaga kwa heshima. Njia nzima Masikio aliongea habari za saksafoni, namna mpigaji anavyovuta pumzi. Riboni alitembea kando yake, amefungua kifungo cha juu cha gauni la bluu. Walipofika mahali wanapoachana, alisema "haya," akaenda. Masikio akabaki amesimama, na hapo ndipo aibu ya pili ilipomfika. Ile ya kwanza ilikuwa imeishia kwenye ngozi. Hii ilishuka ikakaa tumboni.

Akapiga simu. Haikupokelewa. Kesho yake ikapokelewa.

"Haloo. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mpenzi."

"Aa, mwalimu. Shikamoo, mwalimu. Leo tunasoma nini?"

"Usinifanyie hivyo, roho yangu."

"Nakufanyia nini? Mwanafunzi anamsalimia mwalimu wake, kuna ubaya?"

"Nilikosea. Na nimeshairekebisha, nimeifuta."

"Umefuta nini?"

"Albamu. Yote, imetoka kwenye simu. Haitatokea tena ikuaibishe mbele za watu."

Masikio akatazama simu kuona kama imekatika.

"Kwa hiyo ulikaa ukafikiri," Riboni akasema polepole, "ukaona mkosaji ni muziki."

"Sijasema hivyo."

"Sikiliza. Kuchekwa mimi sijali. Mama mdogo amenicheka tangu nina meno ya utotoni, na bado naimba. Lakini wewe ulichukua aibu yako ukanipa niibebe, na niliibeba. Nilijua tukitoka nje utasema, 'haya, nirudishie.' Tumetembea njia nzima, wewe ni saksafoni, saksafoni. Sasa nakuuliza. Siku mama yako akiniona sina ladha, utasema bado unanifundisha?"

"Riboni."

"Mimi niliyempenda ni yule mtu mwenye wimbo wa benki. Ukaniambia ni wa mtu mwingine, nikadhani unatania. Kumbe ulisema kweli. Siku njema, mwalimu."

Simu ikakatika. Masikio alikaa na kiganja shavuni. Alitaka kuisikiliza albamu ili alie vizuri, akakumbuka ameifuta.

Siku ya harusi ya binti wa Profesa alikuja mapema, hata kabla ya wapambaji, akafunga mlango kwa mazoea, halafu akasimama katikati ya ukumbi bila cha kupigia. Akafungua mlango. Akaweka saksafoni. Akasogeza spika, akashusha besi, akapandisha, akarudisha. Sauti ilitoka kama imefunikwa na ndoo. Wapambaji wakaingia na marobota yao ya vitambaa, wahudumu wakaanza kupanga meza, na bado alikuwa anahangaika na vitufe vile vile.

Shida yake ilikuwa hii: ule wimbo wa saksafoni hakuwa amewahi kuusikiliza. Mara zote alikuwa anajitazama akiusikiliza. Sasa aliutaka umwambie ukweli wa ukumbi, na wenyewe ulimjua kama mgeni tu.

"Baba," alisema Mama Spika, amekunja mikono juu ya kitenge chake, "masikio umeyaacha wapi leo?"

"Dakika kidogo, mama."

"Dakika kidogo ulishamaliza zamani. Wageni wako njiani."

Profesa akaingia, koti la suti begani, tai bado haijafungwa. Akapanda jukwaani kujaribu kipaza sauti. "Ndugu wageni," akasema, na ukumbi ukamrudishia sauti ya mtu anayeongea akiwa kisimani. Akashuka pole pole. "Kijana, hotuba yangu nimeiandaa kwa moyo. Ndivyo nitakavyosikika mbele ya wakwe?"

"Hapana, mzee. Natengeneza."

Hapo ndipo alipousikia, kwa mbali, mdogo kama nzi kwenye chupa. Wimbo wa nne. Ulitoka upande wa pili wa ukumbi, kwenye radio iliyofunikwa nusu na kitambaa cheupe, chini ya ngazi. Juu ya ngazi alikuwa Riboni, gauni la manjano, pini mdomoni, anafunga shada. Alikuwa amemwona tangu alipoingia. Hakuwa amemtazama.

Masikio akatembea ukumbi mzima. Wahudumu wakampisha. Akasimama chini ya ngazi, akainua uso.

"Naomba radio yako."

Riboni akashusha macho tu.

"Radio ya nini?" Profesa aliuliza kutoka nyuma, na Mama Spika akasogea, na wahudumu wakaacha sahani. "Hiyo si ile kelele ya siku ile? Ya huyu binti?"

Jibu lilikuwepo mdomoni, jepesi, limelainika. Ndiyo, mzee, ni ya mpambaji, naazima tu nipimie. Na safari hii lingekuwa kweli. Radio ilikuwa ya Riboni, CD ilikuwa yake, imekwama humo humo. Hakuna mtu duniani angemwita mwongo. Masikio akaliona jibu lile, akaona na mkono wake wenye waya ukimnyooshea mtu, akaliacha.

"Radio ni yake," akasema. "Ile ya siku ile ilikuwa yangu, mzee. Kwenye simu yangu, niliiweka mwenyewe. Naisikiliza tangu shule. Mlipocheka nikaogopa, nikamsingizia huyu. Na sikuwa namfundisha kitu. Kumbi zote ulizonisifia nilizipima kwa huo muziki, nimejifungia mlango."

Masikio yalikuwa yanamwaka mpaka akahisi yanaonekana kwa nyuma. Mhudumu mmoja alicheka kwenye kitambaa cha meza.

Profesa akavuta tai, akaitazama. "Na leo huogopi?"

"Naogopa."

Profesa akamtazama Mama Spika, naye akainua mabega, kama kusema wa kwangu ndiye huyu.

"Basi piga," alisema Profesa. "Tucheke, tumalize, nimwoze mwanangu."

Masikio akabeba radio kama anabeba mtoto aliyelala, akavuta waya, akachomeka, akasogeza mpaka wimbo wa sita. Ukumbi ukajaa. Wahudumu wakacheka wazi sasa, mmoja akaiga kijana wa puani, na Masikio akasikia kila kicheko, kila kimoja na mahali pake. Aibu haikuondoka. Ilisimama naye pale pale kwenye vitufe, ila leo ilikuwa mikononi mwa mwenyewe. Akapunguza sauti za katikati. Akafungua za juu. Akasogeza spika ya kushoto kwa goti. Gitaa likatoka ndani ya ndoo, likaja likasimama mbele za watu.

"Ni kelele," alisema Profesa.

"Ndiyo, mzee."

"Leo uweke saksafoni yangu wakati wa chakula."

"Nitaiweka. Ni siku yako."

Masikio akaacha wimbo ukiendelea, akarudi chini ya ngazi. Hakuinua uso. Akaziambia ngazi:

"Nilitakiwa nikurudishie mzigo siku ile ile, njiani. Nimechelewa. Najua una pini, usijibu. Sitaki unijibu kwa haraka. Nimekuja tu useme upande gani nimekuumiza zaidi, siku utakayotaka kusema."

Juu yake kitambaa kilitulia. Wimbo ukakimbia, ukafika pale, na ngoma ikanyamaza ghafla, ukumbi mzima ukawa mtupu wa sauti, wahudumu wenyewe wakashtuka. Masikio akafumba macho.

Kwenye chuma cha ngazi, mara mbili, kwa wakati wake hasa.

Ngoma ikarudi. Riboni akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kimto cha mkononi.

"Usidhani nimekusamehe," akasema. "Nimegonga kwa sababu hapo panagongwa."

"Najua."

"Bado nina hasira, na leo nitaongea nawe mpaka uchoke."

"Sawa."

"Na lile la bluu nimempa mama mdogo."

"Lilikuwa linakubana."

"Uliona?"

"Niliona. Nikanyamaza."

Riboni akanyoosha mkono kulifikia shada. Ngazi ikayumba.

"Haya, shika ngazi, inatikisika."

Akaishika kwa mikono miwili, kichwa kinatikisika na wimbo bila kujificha, na Profesa akawapita akielekea kufunga tai, amejiziba masikio kwa vidole viwili.